Siku Tatu Tulizofuta Logi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti kisicho na egemeo na nywila ya mtu aliyekwisha kuacha kazi. Kiti walinibadilishia baada ya mwezi. Nywila ile tuliitumia miaka minne.

Ofisi yetu ilikuwa Kisumu, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Kazi yake ilikuwa kupokea habari za hali ya hewa kutoka vituo vya ufuoni na kuwaonya wavuvi upepo mkali unapokuja. Niliajiriwa kama mpiga chapa, na kompyuta mbili za kwanza zilikuwa zimefika wiki hiyo hiyo. Karani Mkuu alinionyesha pa kuandika jina la Bwana Were, yule aliyeacha kazi, na pa kuandika nywila yake, yaani neno la siri la kufungulia mashine. Sisi tulisema paswadi. Hata leo ukisema nywila Kisumu, mtu atakuuliza kama umetoka pwani. Nilimwuliza Karani Mkuu kama Bwana Were hatakasirika. Akasema Were yuko Eldoret anauza mbao, hana habari na sisi.

Nawaeleza haya ninyi vijana mnaoandika programu siku hizi ili mjue kwamba sikuzaliwa nikijua kutunza siri za mashine. Nilifundishwa, tena kwa aibu, na tangu hapo nimetumia karibu maisha yangu yote ya kazi kuwaambia tena na tena watu wazima, wenye vyeti ukutani, jambo lile lile moja.

Aliyenifundisha ni Mkuu wa Kituo cha Port Victoria, nilikohamishiwa kuingiza taarifa za upepo. Alikuwa mzee aliyefanya kazi katika meli za ziwani kabla ya kuja kwetu, na kitu alichokipenda kuliko vyote pale kituoni ni kitabu cha zamu. Lilikuwa daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila aliyeingia zamu aliandika saa, upepo, mawingu, nani amepiga simu, mashine gani imekataa kuwaka. Ukurasa haukuchanwa hata ukimwagikiwa chai.

Ijumaa moja nilikuwa nawahi matanga Ugunja. Ili mwenzangu wa zamu asikwame, niliandika nywila ya kompyuta ndani ya kitabu kile, kwa herufi kubwa, nikapiga na mstari chini yake. Jumatatu Mkuu wa Kituo akaniita. Kitabu kilikuwa wazi mbele yake.

"Syprose, kitabu hiki kinasomwa na nani?"

Nikamwambia kinasomwa na kila mtu. Sisi wa zamu, wakaguzi, hata wavuvi wanaokuja kuuliza upepo.

"Na hiyo ndiyo kazi yake. Sasa siri inatafuta nini humu?"

Nilichukua kalamu niipake wino isionekane. Akakivuta kitabu upande wake.

"Usifute. Waliosoma wameshasoma. Nenda ubadilishe paswadi sasa hivi, halafu urudi uandike hapa kwamba imebadilishwa. Usiandike ni ipi."

Nilifanya hivyo. Haikuchukua muda wa kuchemsha yai. Yote ninayoyajua kuhusu kazi hii nilipewa pale, nimesimama kando ya meza iliyonuka omena, wale dagaa wa ziwani. Niliyoyasoma baadaye yalikuwa majina tu.

Majina yenyewe nayo muyajue. Niliporudishwa Kisumu nilisoma jioni, nikapata cheti, na mwishowe nikafanywa mtunza ghala la msimbo. Msimbo ni maagizo ambayo kompyuta inafuata. Ghala ni mahali yanapowekwa. Ghala lenyewe linaendeshwa na programu ya kutunza matoleo. Mtu akibadilisha mstari mmoja, programu hiyo inaandika nani amebadilisha, lini, na mstari ulikuwaje kabla. Haisahau. Ukiweka nywila humo leo na kuitoa kesho, ya leo bado ipo, na atakayegeuza kurasa nyuma ataikuta. Halafu kuna logi. Mashine inapofanya kazi yenyewe, huandika kila hatua iliyoipitia, moja baada ya nyingine. Logi ni kitabu cha zamu cha mashine. Hakuna namna nyingine ya kuieleza.

Wakati huo tulikuwa tumepata Msimamizi wa Mifumo kutoka Nairobi, mtu mwenye digrii mbili na viatu visivyojua vumbi. Simsemi kwa ubaya. Ndiye aliyejenga programu ya kutuma meseji za tahadhari kwenye simu za wenyeviti wa fuo na wavuvi wao, kuanzia Port Victoria mpaka Luanda Kotieno. Ilikuwa kazi nzuri. Wavuvi walioizoea waliacha kututegemea kwa simu; walisoma meseji, wakatazama mawingu, wakaamua.

Lakini kila asubuhi seva, ile kompyuta kubwa inayotuma meseji, ilikwenda kwenye ghala kuchukua msimbo mpya, na ghala lilitaka jina na nywila. Kuna mahali pa kufungia nywila ambapo mashine inaisoma bila kuitaja. Msimamizi aliona hiyo ni safari ndefu. Akaichomeka nywila katikati ya anwani yenyewe ya ghala. Basi kila asubuhi mashine, kwa uaminifu wake wote, iliandika kwenye logi: nimekwenda kwenye anwani hii. Na nywila imo ndani, inasomeka.

Si hayo tu. Nywila hiyo hiyo ndiyo aliyoitumia kwenye akaunti ya kutuma meseji, maana hakutaka kukumbuka mbili. Na logi yenyewe ilihifadhiwa ghalani kila Ijumaa, kwa kuwa wafadhili walitaka ushahidi kwamba tunafanya kazi. Na ghala lilikuwa wazi kusomwa na wakandarasi, watu wa wafadhili, na wanafunzi waliokuja kujifunza kazi na kuondoka.

Mimi nilikuwa nasoma logi asubuhi ninapokunywa chai. Wengine walisoma magazeti. Siku nilipoiona nywila pale nilimwendea Msimamizi nikamwonyesha mstari. Alinisikiliza akiwa ameshika simu.

"Mama, hiyo logi nani ataisoma?" akasema. "Hata mimi siisomi."

Nilimwandikia barua. Akasema ataangalia. Nikaandika ya pili, akasema iko kwenye orodha. Ya tatu alinijibu kwa picha ya kidole gumba. Ofisini wakaanza kuniita Mama Paswadi. Mara ya kwanza nilicheka nao. Mara ya ishirini nilikuwa nainua macho tu na kurudi kwenye kazi yangu, na nywila ilikuwa inaendelea kuandikwa kila asubuhi.

Ikaja Jumatatu moja. Saa nne hivi nilipigiwa simu na Okello, mwenyekiti wa ufuo wa Luanda Kotieno, mtu ninayemfahamu tangu zamani. Aliniuliza pikipiki yake anaichukua wapi. Nikadhani anatania. Akanisomea meseji: hongera, umeshinda pikipiki, bonyeza hapa. Imetoka kwa jina la ofisi yetu, mahali pale pale zinapotoka tahadhari. Mbaya zaidi, wavuvi wake wote walikuwa wameshinda pikipiki, na watatu walikuwa wameshaanza kugombana.

Nilikwenda kwa Msimamizi na logi mkononi. Safari hii aliweka simu chini. Nilimwambia abadilishe nywila. Akaniambia haiwezekani kirahisi, imechomekwa sehemu nyingi za programu, akiibadilisha tahadhari zitasimama mpaka arekebishe kote. Tena Alhamisi wafadhili wanakuja. Wakifungua ghala wataiona nywila kwenye logi, na itakuwa aibu. Kwa hiyo kwanza waifute logi kutoka ghalani, yote, tangu mwanzo.

Nilimwambia anayetuma meseji hizi haisomi tena logi yetu. Ameshaisoma.

"Mama," akasema kwa sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa, "hii kazi niachie."

Haki ya kubadilisha akaunti ile alikuwa nayo yeye peke yake. Aliyekuwa juu yake ni Mkurugenzi, na Mkurugenzi alikuwa Naivasha kwenye mkutano. Nilikuwa na namba yake ya simu. Nikaandika barua-pepe. Ilikuwa barua nzuri, yenye vichwa vya habari na viambatisho, na nakala kwa watu watatu. Mkurugenzi hakuifungua, kama ambavyo mtu yeyote aliyeko mkutanoni hafungui barua ndefu. Nalitaja hili hapa kwa sababu nimewasema wengine kwa kirefu, na haifai nijipite.

Msimamizi na waandishi wake wawili wa programu wakaanza kufuta. Sasa, kufuta kitu kutoka kwenye historia ya ghala si kazi ya kugusa kitufe. Kila mwenye nakala ya ghala kwenye mashine yake ana historia nzima. Walifuta Jumatatu; mkandarasi mmoja akaweka kazi yake Jumanne asubuhi, na historia yote ya zamani ikarudi nayo. Wakafuta tena. Ikarudi kupitia mwingine. Walikuwa wanatoka jasho, wanakula mandazi juu ya kibodi, wanaitana kwa sauti. Ungewaona ungesema hawa watu wanaokoa nchi.

Na nywila ilikuwa ile ile.

Jumanne meseji za pikipiki zikafuatwa na za dawa ya nguvu za kiume. Mwenyekiti mmoja wa ufuo ambaye pia ni mchungaji alinipigia simu, akanieleza kwa upole mkubwa kwamba meseji hiyo ilimkuta madhabahuni na simu yake iko kwa mkewe. Nilimwomba radhi. Kufikia jioni wavuvi wengi walikuwa wameacha kufungua chochote kilichotoka kwetu.

Jumatano alfajiri kituo kimoja cha ufuoni kilileta habari ya upepo mkali. Mfumo wetu ulifanya kazi bila kosa. Saa kumi na mbili asubuhi tahadhari ya kweli ilitumwa, na logi ikaandika kwa kila namba: imefika, imefika, imefika. Ndiyo, ilifika. Hakuna aliyeifungua.

Pale Luanda Kotieno mitumbwi mitatu ilikuwa imetoka kutoa nyavu za mbuta, yaani sangara. Upepo uliwakuta saa tatu. Mitumbwi miwili iligeuza ikarudi. Wa tatu, uliokuwa na watu watano, ulipinduka. Waling'ang'ania ubao wa chini mpaka karibu adhuhuri, mtumbwi wa watu wa Mbita ulipowaona na kuwachukua. Wanne walitoka wakitetemeka tu. Wa tano, Ouma, alikuwa amepigwa kifuani na ubavu wa mtumbwi na kumeza maji mengi. Alilazwa Bondo wiki nyingi.

Okello alinipigia tena. Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha.

"Mama, meseji zenu zilisema tumeshinda pikipiki. Zikasema dawa. Sasa hii ya upepo tungejua aje ni ya ukweli?"

Mkurugenzi alirudi Alhamisi asubuhi na kutuita. Alikuwa mama mwenye maneno machache. Msimamizi alieleza kwamba tumeshambuliwa na wahalifu wa kimataifa wa mtandao, kwamba yeye na kikosi chake wamefanya kazi siku tatu bila kupumzika, na kwamba logi sasa imefutwa kabisa.

"Paswadi imebadilishwa?" Mkurugenzi akauliza.

"Iko kwenye mchakato, Madam."

Nimesikia neno mchakato mara nyingi maishani, lakini sijawahi kulichukia kama siku ile. Nikaweka mezani logi niliyokuwa nimeichapisha, ule mstari nimeuzungushia kalamu nyekundu, na barua zangu tatu chini yake. Mkurugenzi alisoma yote bila kuinua kichwa. Kisha akasema, "Badilisha hapa hapa, nikiona."

Msimamizi akafungua kompyuta yake. Alipomaliza, chai yangu ilikuwa bado moto. Meseji za dawa zilikatika papo hapo. Tahadhari zilisimama kwa muda wa saa moja hivi wakati waandishi wakirekebisha programu, kisha zikaanza tena kama kawaida. Hiyo ndiyo hasara waliyokuwa wakiikimbia kwa siku tatu: saa moja.

Nilikuwa na hasira na Msimamizi. Na hapo ndipo Mkurugenzi aliponigeukia.

"Syprose, namba yangu unayo. Mbona hukunipigia?"

Nikamwambia niliandika barua-pepe. Hata masikioni mwangu mwenyewe nilisikika kama Msimamizi.

Ripoti iliandikwa na Msimamizi, mimi nikatakiwa kutia sahihi kama mtunza ghala. Ilijaa wahalifu wa kimataifa. Niliirudisha mara mbili, nikasema sitaisaini mpaka iwe na sentensi moja: nywila ilisomeka ndani ya logi yetu wenyewe, na tuliambiwa mapema. Msimamizi akalalamika kwamba nataka kumharibia jina. Mkurugenzi akaiacha sentensi ikae. Wafadhili waliisoma, wakauliza maswali, wakaenda kula samaki. Hakuna aliyetukimbia.

Kisha nikatumwa Luanda Kotieno kuwaeleza watu. Walikusanyika kwenye banda la kupimia samaki, wavuvi na akina mama wachuuzi, na sura zao zilikuwa zimefungwa. Nilieleza ghala ni nini, logi ni nini, nywila ilifikaje humo, na tulifanya nini tulipogundua. Sikumtaja mtu, nilisema sisi. Okello alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo," akasema, "mliandika mahali ufunguo ulipo kwenye ukuta. Mwizi akasoma, akaingia. Na ninyi mkaanza kupaka ukuta rangi."

Nikamwambia ndivyo.

"Siku tatu?"

Siku tatu.

Mtu yule hajawahi kushika kompyuta, na alikuwa ameelewa kabla ya jua kuhama nguzo moja ya banda. Nilirudi Kisumu nikiwaza barua zangu tatu na kile kidole gumba. Wavuvi walikubali kuendelea kupokea tahadhari kwa sharti moja, kwamba kila meseji ya upepo ifuatwe na simu kwa mwenyekiti kutoka kwa sauti wanayoijua. Sauti hiyo ikawa yangu, kwa fuo zote, mpaka nilipostaafu.

Pale ofisini mwishowe niliruhusiwa kupanga mambo. Nywila zilitolewa kwenye anwani, zikafungiwa mahali ambapo mashine inazisoma bila kuziandika. Kila akaunti ikapewa nywila yake. Logi ikafundishwa kuweka nyota kila inapokutana na kitu cha siri. Nikaweka pia mlinzi mlangoni mwa ghala, programu ndogo inayokataa msimbo wowote wenye kitu kinachofanana na nywila. Siku ya kwanza waandishi wote wawili walikuja kuniomba niizime kidogo, kidogo tu, kwa sababu wana haraka. Nusura nilie.

Nilimtembelea Ouma alipotoka hospitali. Alikuwa ameketi uani akitenganisha vifaranga, na kila akiinama alishika kifua. Ziwani hajarudi mpaka leo, anafuga kuku. Aliniuliza kama mwizi alipatikana. Nikamwambia hapana, na pengine hatapatikana, maana waliokuwa na ruhusa ya kusoma ghala lile walikuwa wengi na hakuna mlango uliovunjwa. Hilo halikumshughulisha sana. Akauliza jambo jingine.

"Na hizo siku tatu, Mama, mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulikuwa tunafuta," nikasema.

Alinitazama, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kifua kikamuuma akanyoosha mkono nimletee maji. Mimi sikuweza kucheka. Nilimletea maji, nikakaa naye hadi alasiri, na tukazungumza juu ya kuku.

Sasa nimestaafu, naishi Kisian, nina sukuma wiki na mbuzi wawili wakorofi. Sherehe ya kuniaga ilikuwa nzuri. Msimamizi wa Mifumo, ambaye wakati huo alikuwa amepata cheo kikubwa zaidi kwingine, alialikwa kuhutubia. Alizungumza juu ya usalama wa taarifa kwa nusu saa na kuniita nguzo. Nilikula keki yangu.

Watu huniuliza kama kazi ile ilinichosha. Haikunichosha kazi. Ilinichosha kusema. Hakuna jambo gumu katika haya niliyoyasimulia. Mvuvi alilielewa kwa kukaa kwenye banda. Ugumu ni kwamba mtu akiona siri yake imeandikwa hadharani, kinachomwuma kwanza ni macho ya watu, na mikono yake inakimbilia kufuta. Nimeliona kwa wasomi na wasiosoma. Nimeliona kwangu mwenyewe, kalamu mkononi, kule Port Victoria. Na lile lingine, la kujificha nyuma ya barua nzuri wakati simu iko mfukoni, nimelibeba mpaka huku shambani.

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na mwanamke nisiyemfahamu, anafanya kazi katika ofisi fulani mjini, namba yangu alipewa na mtu. Walikuwa wamekuta nywila kwenye logi ya ghala lao. Alikuwa anahema. Alitaka nimwelekeze namna ya kuifuta haraka kabla bosi wake hajafika.

Nilimwuliza kama wameshaibadilisha. Akasema bado. Wanataka kufuta kwanza.

"Badilisha sasa," nikamwambia. "Mimi nangoja."

Akasema itachukua muda, atanipigia baadaye. Nikamwambia asinipigie baadaye, aweke simu mezani afanye kazi, mimi sina pa kwenda. Nikasimama katikati ya sukuma wiki, simu sikioni, mbuzi mmoja akila pindo la leso yangu. Nilisikia vidole vyake kwenye kibodi, nikasikia akimwuliza mtu kitu, kisha vidole tena. Nilimwambia ajaribu kuingia kwa ile ya zamani. Akajaribu. Akaniambia imekataa.

Ndipo nikakata simu.